Tumekataliwa mbwa mara mbili Minneapolis. Je, ni rangi yetu?

*Swali:* "Assalamu alaykum daktari. Sisi ni watu wa Mombasa, tunaishi Minneapolis, Marekani, mwaka wa sita sasa, tumepanga fleti ya vyumba viwili. Watoto wangu, wa miaka 9 na 12, wamenililia mbwa mpaka nimekubali. Nilijaza fomu za vikundi viwili vya kuokoa mbwa. Cha kwanza hakikujibu kabisa. Cha pili kilijibu kwamba hatufai, kwa vile hatuna ua wenye uzio na sote wawili tunafanya kazi za zamu. Fomu iliuliza hata jina la daktari wa mnyama wetu wa zamani, na sisi hatujawahi kufuga mbwa ndani ya nyumba. Jirani yangu, Mmarekani Mweusi, kaniambia nisijisumbue, hao huwapa wenzao tu. Tukaenda kituo cha wanyama cha mji, tukampenda mbwa mmoja mpole, lakini kadi yake imeandikwa kuwa ni mchanganyiko wa pit bull, mbwa wanaosifika kwa ukali, na mwenye nyumba kasema aina hiyo haiingii kwake. Mume wangu anasema mbwa wa vituoni ni wagonjwa au wakali, ndiyo maana wakatupwa, na juu ya hayo mbwa ni najisi. Tumebaguliwa? Na tuendelee au tuache?"

*Jibu:*

Waalaykum salaam dada yangu. Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake mna maswali manne yaliyoshikana, na kila moja lina jibu lake. Unauliza kama mlikataliwa kwa rangi yenu. Unauliza kama yule mbwa mpole ni hatari. Mumeo anauliza kuhusu afya na tabia, kisha anauliza la dini. Nitaanza na lile linalouma zaidi.

Mimi siwezi kujua kilichokuwa moyoni mwa mtu aliyesoma fomu yako. Ninachoweza kukueleza ni jinsi fomu zile zinavyochuja watu, kwa sababu nimefanya kazi ya udaktari wa wanyama karibu sana na vituo hivi. Kwanza, Marekani haina mfumo mmoja wa kuasili wanyama. Kuna vituo vya miji na kaunti, vinavyoendeshwa kwa kodi na kupokea karibu kila mnyama anayeletwa, vikijaa havina nafasi. Halafu kuna vikundi vya kujitolea, ambavyo mara nyingi havina hata jengo. Mbwa hulelewa kwa muda majumbani mwa wanachama, na kila kikundi hujitungia masharti yake. Mbwa wao ni wachache, waombaji ni wengi, na anayeamua huwa ni mtu mmoja au wawili wanaosoma fomu usiku baada ya kazi zao. Hapo ndipo wewe ulipogonga mlango.

Masharti hayo yana historia. Chama cha kwanza cha kuzuia ukatili kwa wanyama Marekani kilianzishwa New York mwaka 1866 na Henry Bergh. Miaka mitatu baadaye wanawake wa Philadelphia, wakiongozwa na Caroline Earle White, wakaanzisha tawi lao na kufungua kituo cha kutunza mbwa wa mitaani. Walikuwa na sababu nzito, maana katika zama hizo New York ilikuwa ikiwatia mbwa waliokamatwa ndani ya kizimba cha chuma na kuwazamisha mtoni. Mauaji hayakuisha upesi. Hata miaka ya 1970 makadirio yalikuwa kwamba vituo vya Marekani vinaua zaidi ya mbwa na paka milioni 10 kwa mwaka. Leo idadi hiyo iko chini ya milioni 1, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo imetokana na kuwafunga wanyama uzazi na kuwatafutia watu wa kuwaasili. Watu waliopitia miaka ile, wakaona mbwa waliowatoa wakirudishwa wamekonda au wamepigwa, walijifunza kuogopa. Wakatunga fomu ya kumtafuta mtu wa kuaminika.

Sasa tazama sura waliyompa huyo mtu wa kuaminika. Ana nyumba yake. Ana ua na uzio. Mchana kuna mtu nyumbani. Ana daktari wa wanyama anayemjua kwa miaka. Hakuna swali hata moja la rangi, na wengi wa walioyaandika wangeapa kwamba rangi haikuwapitia akilini. Lakini nani ana nyumba Marekani? Kati ya kaya za watu weupe, takribani 7 katika 10 zinamiliki nyumba zinamoishi. Kwa kaya za Weusi ni chini ya nusu. Pengo hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Huko kwenu Minneapolis, tangu mwaka 1910 hati za viwanja zilianza kuandikwa sharti kwamba nyumba isiuzwe wala isikaliwe na mtu asiye mweupe, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota wamezipata hati hizo kwa maelfu na kuzichorea ramani, mtaa kwa mtaa. Miaka ya 1930 serikali ya nchi nzima nayo ikachora ramani zilizoitia alama nyekundu mitaa ya Weusi kuwa ya hatari kukopeshwa. Ubaguzi wa makazi ulipigwa marufuku na sheria ya nchi mwaka 1968 tu. Kwa hiyo mtu akiuliza "una uzio?", bila yeye kujua anauliza pia babu yako aliruhusiwa kununua wapi.

Ndiyo maana sitaki umwone jirani yako kuwa mtu wa manung'uniko. Anazungumza kwa kumbukumbu. Katika nchi ile mbwa walifunzwa kuwawinda watumwa waliotoroka, na Mei 1963 polisi wa Birmingham, Alabama, waliwafungulia mbwa waandamanaji Weusi, wengine wakiwa wanafunzi wa shule. Familia nyingi za Weusi zimelea mbwa kwa mapenzi makubwa vizazi na vizazi, na bado mlango wa kuasili unawaangalia kwa jicho la shaka. Hapo jirani yako ana haki. Ninapotofautiana naye ni pale anapokwambia usijisumbue. Kikundi kimoja kukukataa hakumaanishi vyote vimefungwa, na masharti ya uzio yamekuwa yakipingwa ndani ya kazi hii hii na watu wanaoipenda.

Tena kitaalamu sharti lenyewe ni dhaifu. Uzio haumtembezi mbwa. Mbwa anayeachwa uani peke yake kutwa huchimba, hubweka, hujifunza kuchukia kila anayepita. Mbwa wa fleti anayetolewa mara tatu au nne kwa siku, akanusa, akakutana na watu, akarudi kulala miguuni pa watoto, kwa kawaida yuko vizuri zaidi. Na hizo kazi za zamu walizozihesabu kuwa kasoro zinaweza kuwa faida kwenu, kama zamu zenu zinapishana na mbwa hakai peke yake zaidi ya saa sita au saba. Ukijaza fomu nyingine, usiandike tu "tunafanya kazi za zamu". Andika nani yupo nyumbani saa ngapi, nani atamtoa alfajiri, na mtamtembeza wapi. Palipo na swali la daktari wa zamani, andika kwamba huyu ndiye mbwa wenu wa kwanza na utaje kliniki mliyokwisha kuzungumza nayo. Hilo peke yake hubadilisha namna unavyosomwa.

Kama kulikuwa na zaidi ya masharti, kwa mfano mtu alitaja mnakotoka, lafudhi yenu au hijabu yako, hilo ni jambo jingine. Hifadhi barua pepe, andika tarehe na maneno yaliyosemwa. Ipo sheria ya haki za kiraia ya mwaka ule ule wa 1866 inayokataza kumbagua mtu kwa rangi anapofanya mkataba, na jimbo lenu la Minnesota lina idara yake ya haki za binadamu inayopokea malalamiko. Hapo muone mwanasheria wa msaada wa kisheria uso kwa uso, sio daktari wa mbwa. Kwa yale uliyoniandikia, ninachokiona ni kichujio cha kitabaka ambacho matokeo yake ni ya rangi. Inauma vile vile, lakini dawa yake ni nyingine: kwenda mahali wanapomtazama mtu kabla ya fomu.

Mahali hapo mara nyingi ni kituo cha mji, na nyinyi mmeshafika. Vituo vingi vimeacha mitihani ya maandishi na badala yake hukaa na familia na kuzungumza. Wapo waliohofia kwamba ukilegeza masharti au kupunguza ada, watu hawatamthamini mnyama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwalinganisha watu waliolipia paka na waliopewa bure, na mapenzi yao kwa wanyama wao hayakutofautiana.

Sasa huyo mbwa mpole na kadi yake. Dada, ile kadi mara nyingi ni makisio ya mtu. Mbwa anaingia akiwa ameokotwa barabarani, hana karatasi yoyote, na mfanyakazi anatazama kichwa kipana, manyoya mafupi na kifua kilichojaa, anaandika. Watafiti huko Florida waliwachukua mbwa 120 kutoka vituo vinne, wakawauliza wafanyakazi ni wa aina gani, kisha wakapima damu zao. Mbwa 62 walikuwa wameitwa pit bull na angalau mfanyakazi mmoja, lakini kati ya mbwa wote 120 vipimo vya vinasaba viliwathibitisha 25 tu. Wengine walikuwa na mseto wa aina ambazo hakuna angezikisia kwa macho. Na hata jina likiwa sahihi, halikwambii mengi kuhusu huyo mbwa mmoja. Mwaka 2022 utafiti mkubwa uliohusisha wamiliki wa mbwa zaidi ya 18,000 ulionyesha kwamba aina ya mbwa inaeleza karibu asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Yaliyobaki ni mbwa mwenyewe, malezi, na maisha aliyopitia.

Hofu ya pit bull nayo ina rangi na tabaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 mbwa wa sura hiyo alikuwa mbwa wa familia, akipigwa picha na watoto. Miaka ya 1980 magazeti na televisheni vikaanza kumhusisha na magenge, dawa za kulevya na vijana Weusi wa mijini, na marufuku zikafuata. Denver ilipiga marufuku mwaka 1989, ikaja kuiondoa kwa kura ya wananchi mwaka 2020 na kuweka kibali badala yake. Ukisikiliza jinsi watu wanavyomzungumzia mbwa huyu, mara nyingi utasikia wanamzungumzia mtu wanayemdhania kuwa ndiye mwenye mbwa.

Kisheria mko hivi. Sheria ya Minnesota hairuhusu mji kutunga kanuni ya mbwa hatari kwa kuangalia aina peke yake. Lakini mwenye nyumba binafsi hafungwi na hilo, na orodha aliyonayo pengine hakuitunga yeye, imetoka kwa kampuni yake ya bima. Kwa hiyo usibishane naye kuhusu mbwa. Mwandikie, muombe akuonyeshe kifungu cha mkataba au orodha ya bima, na umuulize kama atamkubali mbwa ambaye aina yake haijathibitishwa. Kiulize kituo nacho kadi iliandikwa na nani na kwa kigezo gani, maana vituo kadhaa vimeacha kabisa kuandika aina pale ambapo hawaijui. Kipimo cha vinasaba kinapatikana kwa dola 100 hivi, ila mpimeni mkijua kwamba kinaweza pia kuthibitisha msichokitaka. Usimwingize kwa siri. Nimeshuhudia mbwa wakirudishwa vituoni kwa sababu hiyo, na watoto ndio walioshika kamba mpaka mlangoni. Na usinunue zile barua za mtandaoni za kudai kwamba mbwa ni tiba. Kama mmoja wenu ana ulemavu au maradhi ambayo mnyama anayasaidia kweli, sheria ya makazi inamlinda, na barua inapaswa kutoka kwa daktari anayemtibu.

Nije kwa mumeo, ambaye naona ana hoja za kusikilizwa. Kwamba mbwa wa vituoni wametupwa kwa ubaya wao, hilo silo. Wengi hufika kwa sababu ya mambo ya binadamu: familia imehama na nyumba mpya haikubali wanyama, mtu amepoteza kazi, ameugua, amefariki, amepata talaka, au bili ya matibabu imemshinda. Wengine wamepotea tu na hakuna aliyekuja kuwadai. Wapo wenye matatizo ya kweli ya tabia, na kituo chenye uaminifu kitakuambia ukiuliza waziwazi: amewahi kung'ata? Anakuwaje akiwa na chakula? Ameishi na watoto? Kuhusu afya, mbwa wa kituoni kwa kawaida hutoka akiwa amechanjwa, amepewa dawa ya minyoo, amefungwa uzazi na kuwekewa chipu ya utambulisho chini ya ngozi. Kikohozi cha kuambukizana ni cha kawaida humo na kwa kawaida hutibika.

Ila jueni kwamba mbwa mnayemwona kizimbani siye mtakayeishi naye. Homoni za msongo wa mawazo huwa juu sana katika siku tatu za kwanza kituoni kuliko kwa mbwa wa nyumbani. Anayebweka na kurukia wavu anaweza kuwa ameshikwa na woga, na aliyejilaza kimya pembeni, ambaye watu humwita mpole, anaweza kuwa ameganda kwa hofu. Ndiyo maana nataka mumtazame nje ya kizimba. Muombe chumba au uwanja wao. Keti chini ubavu ubavu, usimkabili, usimtolee mkono usoni. Tazama masikio, midomo na macho. Akijilamba pua mara kwa mara bila chakula, akipiga miayo, akigeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana, anakuomba nafasi. Akikujia mwili umelegea, mkia ukitikisika pamoja na kiuno chote, akakunusa, akaenda, akarudi mwenyewe, hapo pana jambo zuri. Kisha watoto waingie mmoja mmoja, na baba yao awepo. Akifika nyumbani, mpeni muda. Watu wa kazi hii husema siku tatu za kutetemeka, wiki tatu za kuzoea ratiba, miezi mitatu ya kujiona yuko kwao. Si sheria, ni makadirio mazuri.

La najisi mimi si sheikh, na sitavaa kilemba kisicho changu. Nafahamu kwamba katika madhehebu ya Shafi, ambayo watu wengi wa pwani yetu wanayafuata, mate ya mbwa ni najisi nzito na alipogusa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, wakati Wamaliki wana mtazamo mwepesi zaidi. Nendeni pamoja kwa sheikh mnayemwamini mkamueleze hali halisi: fleti ya vyumba viwili, mbwa wa ndani, mahali mnaposwalia. Mimi nitasema la udaktari na la ndoa. Mbwa hulamba. Hilo halizuiliki kabisa, na mbwa anayefukuzwa kila akisogea huteseka na kuharibika tabia. Kama mumeo hataridhika kutoka moyoni, msimlete, hata kama mwenye nyumba akikubali na watoto wakilia. Nyumba isiyokubaliana juu ya mnyama humrudisha.

Kwa hali hiyo lipo jambo ambalo hukulitaja: paka. Kwa waliokulia Mombasa au Lamu paka si mgeni, na kwa upande wa twahara hana mzozo huo. Mtume amepokewa akisema kwamba paka si najisi, ni katika wanaowazungukia majumbani. Fleti inamtosha, hahitaji kutolewa nje Januari wakati Minneapolis imeganda na chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani inachoma nyayo, na wenye nyumba wengi hawana orodha ya aina za paka. Simsifii paka ili nikuepushe na mbwa. Kama mtoto wako wa miaka 12 anataka mwenzi wa kukimbia naye, paka hatamtosha, na ni bora mjue mapema.

Njia ya kati ni kulea kwa muda. Vituo vingi hutafuta familia za kukaa na mbwa wiki mbili au zaidi, na kwa kawaida kituo ndicho kinacholipia chakula na matibabu. Mtajua zamu zenu zinawezekana au la, mumeo ataona mwenyewe, na watoto watagundua kwamba saa kumi na mbili asubuhi kwenye theluji kuna kinyesi cha kuokota. Mwenye nyumba aridhie kwa maandishi hata kwa hilo. Na hesabuni pesa: kodi ya mnyama ya kila mwezi ambayo wapangaji wengi hutozwa, amana, chakula, chanjo, dawa ya kukinga minyoo ya moyo inayoenezwa na mbu, na akiba ya dharura. Akiba hiyo ndiyo watu husahau, na ndiyo hurudisha wanyama vituoni.

Kuna mambo ambayo barua haitoshi. Kama mmoja wa watoto ana pumu au mzio, aonwe na daktari wake kabla mnyama hajaingia. Mbwa mpya akikaa siku mbili bila kula, akitapika mara kwa mara, akikohoa huku amelegea, mpelekeni kliniki. Akianza kunguruma kwa mtoto, msimpige wala msimkaripie kwa kule kunguruma, maana mtamfundisha kung'ata bila onyo. Watenganisheni, kisha mtafute daktari wa wanyama mwenye utaalamu wa tabia aje amwone nyumbani. Na mtoto aking'atwa, hata kidogo, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na mwende hospitali siku hiyo hiyo, mkiwa na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa mlichopewa kituoni.